Viza ya Kazi Imekataliwa, Nimlipe Dalali?

SWALI: Shikamoo mama. Nilipata kazi ya msimu ya kuchuma matunda Uingereza. Mdhamini akanipa namba ya udhamini, lakini viza imekataliwa, eti pesa za kujikimu hazikutimiza siku 28. Mimi ninazo! Katikati hapo nilimlipia tu mdogo wangu karo, nikazirudisha. Dalali anataka shilingi 60,000 anikatie rufaa. Nimpe?
Kijana wa Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimpe. Feri tu unavuka bure, yeye anataka 60,000!

Viza hii kwa kawaida haina rufaa ya mahakamani. Kuna ombi la kupitia upya uamuzi, unalijaza mwenyewe mtandaoni kwa pauni 80, ndani ya siku 28 tangu upate barua.

Lakini kabla ya hizo pauni, toa taarifa yako ya benki upitishe kidole mstari kwa mstari. Pauni 1,270 zilitakiwa zikae siku 28 mfululizo. Siku ile ya karo, salio lilisoma ngapi? Kama lilishuka chini ya hapo, hata kwa usiku mmoja, maafisa wa viza hawakukosea, na ombi hili ni la makosa yao, si yako. Kama halikushuka, waandikie ukurasa na tarehe.

Ikiwa lilishuka, omba upya. Mpigie mdhamini akupe namba nyingine, ile imeshatumika. Na muulize kama anaweza kuthibitisha humo kwamba atakugharamia mwezi wa kwanza. Wadhamini wengine hukubali, na hapo benki yako haitaulizwa.