Albamu moja, nyimbo sita, kila wimbo na upana wake

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina kastudio kangu hapa Ngamiani, Tanga, tumemaliza albamu ya taarabu ya kundi la mtaani kwetu, nyimbo sita. Nne nimerekodi mwenyewe, mbili zilirekodiwa zamani studio nyingine na mafaili ya vyombo hatuna tena, tuna miksi ya mwisho tu. Ukizisikiliza mfululizo utadhani ni makundi matatu tofauti, huku ganuni iko pembeni kabisa sikioni, huku kila kitu kimebanana katikati, huku mwimbaji yuko mbali. Nikaweka plagini (kaprogramu ka kompyuta) ya kutanua stirio kwenye zote sita, kwenye hedfoni zikawa tamu balaa, ila zilipopigwa harusini kwenye spika moja fidla na waitikiaji wakapotea, akabaki mwimbaji na dumbaki. Na LUFS, kile kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo, niweke ngapi? Kila mtu ananiambia yake. (Fundi wa Ngamiani)

JIBU: Mdogo wangu hongera kwanza, nyimbo sita za taarabu siyo mchezo, hasa kama ni zile za dakika kumi na kitu.

Tuanze na hapo harusini. Kwanza muulize DJ alichomeka waya gani, maana kuna wanaochomeka upande mmoja tu wa stirio, sasa kama fidla uliipeleka kulia yote na yeye kachukua kushoto, hiyo siyo kosa la mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kuziweka nyimbo sawa. Kama waya ulikuwa sawa basi ni plagini. Nyingi zinatanua kwa kuchelewesha upande mmoja milisekunde chache, jambo ambalo Mjerumani Helmut Haas alilieleza mwaka 1949: sauti ileile ikikufikia mara mbili ndani ya kama milisekunde 30 sikio linaipokea kama moja, na zikitoka pande mbili unapata upana. Nyingine zinachezea fezi, yani jinsi mawimbi ya sauti ya kushoto na kulia yanavyokwenda pamoja. Ukishazijumlisha kwenye spika moja ndo zinakatana zenyewe kwa zenyewe, aliye katikati anabaki, wa pembeni wanaliwa.

Na kusema kweli, Tanga hii nani anakaa katikati ya spika mbili? Watu wanasikiliza kwenye bajaji, kwenye simu iliyolazwa mezani, kwenye kaspika ka bluetooth barazani. Kwa hiyo mono, yani kushoto na kulia zikijumlishwa kuwa sauti moja, kwako siyo jaribio la mwisho, bonyeza kitufe cha mono tangu mwanzo na ufanye kazi humo muda mrefu, kwa sauti ya chini. Mita ya fezi ikikaa kati ya 0 na +1 uko salama, ikizama chini ya sifuri mara kwa mara kuna kitu kitapotea. Na beisi, kuanzia kama 120 Hz kushuka chini, iache katikati, haina faida yoyote pembeni.

Sasa kulinganisha. Hapa ndo wengi mnakosea mnaweka plagini ileile na namba zilezile kwenye nyimbo zote, yani wimbo mpana unazidi kuwa mpana na mwembamba unapata kidogo, tofauti iko palepale. Chagua wimbo mmoja ambao mwimbaji amekaa vizuri kuliko zote, huo ndo kipimo chako. Weka zote sita kwenye sesheni moja, ruka kutoka kiitikio hadi kiitikio, linganisha ukubwa wa sauti ya mwimbaji kwanza, kwa sikio siyo kwa mita. Ukimaliza ndo uende kwenye ikwalaiza, mzito au mkali, halafu upana uwe wa mwisho kabisa. Wimbo wenye makali mengi pembeni unasikika mpana zaidi, kwa hiyo ukishausawazisha utashangaa nusu ya tatizo limeondoka.

Kilichobaki tumia kati na pembeni, yani kushughulikia sauti ya katikati na ya pembeni kila moja kivyake. Siyo uchawi mpya huo, Alan Blumlein wa kampuni ya EMI alishaandika hataza (haki ya uvumbuzi) yake ya stirio mwaka 1931 Uingereza. Ule wa ganuni punguza pembeni desibeli 1 au 2, ule uliobanana ongeza pembeni desibeli 1 tu kuanzia 300 Hz kwenda juu. Ukiona unahitaji desibeli 4 acha, rudi kwenye miksi. Mafaili ya zile nne unayo bwana! Ivute ganuni ndani, na waitikiaji waite waimbe tena mara mbili, moja kushoto moja kulia, kuliko kukopi teki moja (rekodi ya mara moja) na kuichelewesha. Teki mbili za kweli hazifanani kabisa, kwa hiyo mono haizimezi hivyo.

Zile mbili za zamani usizilazimishe. Zisogelee wewe, bana upana wa zile nne kidogo, na usiupange wimbo mwembamba mara tu baada ya ule mpana kuliko wote. Nyimbo za makundi ya taarabu ya Black Star na Lucky Star ya hapohapo Tanga zinasifiwa mpaka leo kwa waimbaji na magitaa, sijawahi kusikia mtu anasifia upana wake.

LUFS: Spotify inasawazisha kwenye -14, Apple Music karibu na -16, lakini mtu akisikiliza albamu nzima Spotify inazishusha au kuzipandisha nyimbo zote kwa kiasi kimoja, kwa hiyo wimbo wa polepole unabaki wa polepole. Usiupeleke kila wimbo -14 basi, na taarabu ina utangulizi mrefu wa vyombo unaoshusha namba ya jumla, wewe pima viitikio. Kilele kiache -1 dB, na limita (inayozuia sauti isivuke kilele) iunganishe kushoto na kulia la sivyo mwimbaji atakuwa anayumba kila dumbaki ikipiga.

SWALI: Chumba changu kina mwangwi mbaya, naweza kufanya mastaringi kwa hedfoni tu? (Bagamoyo)

JIBU: Kwa kukagua kelele na beisi, ndiyo. Kwa upana usiziamini peke yake, kwenye hedfoni sikio la kushoto halisikii ya kulia kabisa kwa hiyo kila kitu kinaonekana kipana. Tundika mablanketi mazito ukutani, tafuta spika mbili hata ndogo, amua upana hapo.