Mama yuko Makete: mnunulie kitochi, ila kichague hivi

Mkuu, umeuliza kama mama yako anayelima viazi Makete, kwenye baridi ya milima ya Njombe, umnunulie simu janja au kitochi, yaani simu ndogo ya vibonye, wakati mahitaji yake ni kupiga, kupokea, kusoma meseji na kutoa hela kwa wakala. Mnunulie kitochi. Ila vitochi havifanani, na wengi wanaokuja kujuta waliangalia rangi na ukali wa tochi tu.

Anza na betri. Mwezi wa sita na wa saba, sakitu inapolala mashambani, betri ya lithiamu hutoa umeme kwa shida. Simu ikidai umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinashuka na inazima ghafla wakati chaji bado ipo. Ikipata joto inawaka tena. Simu janja yenye kioo kikubwa na data huumia zaidi, kitochi kinakula kidogo. Hata hivyo mama asiilaze dirishani usiku, aiweke mfuko wa ndani wa koti. Ikiwa imepoa sana, aiache kwanza ipate joto la chumba ndipo aichomeke, maana kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi 0 huiua kwa ndani. Kuipasha jikoni kando ya moto ndiyo asijaribu kabisa.

Chagua simu inayotumia betri ya kutoa, hasa saizi ya BL-5C, kwa kuwa spea yake ni rahisi kupata. Betri halisi ya saizi hiyo ni kama mAh 1000. Ukikuta imeandikwa 3000, huo ni uongo, kile kiboksi hakina nafasi ya kubeba umeme huo. Kabla ya kulipa, itoe uilaze juu ya kioo cha kaunta uizungushe kwa kidole. Iliyo bapa inagoma papo hapo. Iliyovimba katikati inazunguka kama pia, hiyo irudishe.

Mtandao usichague kwa matangazo. Makete ni milima na mabonde: nyumba moja inashika, ya nyuma ya kilima haishiki. Uliza majirani wa mama laini ipi inashika pale anapolala, si pale sokoni. Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza nguvu, na kwenye mawimbi ya 2G ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2, ndiyo maana chaji ya siku nne inaisha kwa mbili. Kama kuna laini ya pili isiyoshika kijijini, izime kwenye mipangilio au uitoe, la sivyo simu itashinda ikitafuta mtandao.

Kuhusu laini yenyewe: vitochi vingi vinataka ile kubwa. Laini iliyokatwa ndogo ikiwekwa kwa adapta hunasa pini za ndani ya simu wakati wa kuitoa, na zikishapinda ni kazi ya fundi. Ni nafuu kuibadilisha dukani. Majina yahifadhi kwenye laini, kwa kawaida inabeba hadi 250, ili simu ikifa asiyapoteze.

Kwenye hela, menyu ya M-Pesa ya *150*00# na wenzake hukatika mtu akichelewa kubonyeza. Mfundishe jambo hili mapema: ikikatika asirudie kutuma, aangalie salio kwanza. Wengi wametuma mara mbili kwa sababu hiyo. Na meseji za zamani azifute, maana kumbukumbu ikijaa, ujumbe wa muamala hauingii.

Kama anataka kuwaona wajukuu kwa video, au kumtumia bwana shamba picha ya jani la kiazi lenye ukungu, hapo kitochi hakifai, tafuta simu janja.

Ukiwa bado dukani piga *#06#, linganisha namba zitakazotokea (IMEI, namba za utambulisho wa simu) na zile za chini ya betri na za kwenye boksi, kisha tuma moja kwa meseji kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu. Jibu lisipoitaja simu uliyoshika mkononi, usilipe.