Nanochembe haina uso mkubwa: kwa walimu wapya wa tuisheni

Jamani, nyinyi mnaozunguka South C, Kilimani na Parklands kila jioni na mkoba wa karatasi za mtaala wa Uingereza, hebu tusemezane. Madaftari ya wanafunzi wenu tunayaona, na makosa ni yale yale ya miaka yote. Sura ya nanochembe katika kemia ni fupi, lakini inatafuna alama kama mchwa.

1. Mipaka ikaririwe. Nanochembe ni chembe za kipenyo cha nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chembe laini, zile za PM2.5 (PM ni chembe zinazoelea hewani, na namba ni kipenyo kwa maikromita), ni 100 hadi 2,500. Chembe kubwa za PM10, ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuziita vumbi, ni 2,500 hadi 10,000. Mtoto wa Nairobi ana mifano puani mwake: vumbi la barabara inayochimbwa, na moshi wa dizeli wa matatu, ambao chembe zake nyingi hazifiki hata nanomita 100.

2. Hapa ndipo penye kidonda. "Nanochembe zina eneo kubwa la uso." Sentensi hiyo mwanafunzi hakuiota usiku, ni sisi tuliompa. Kipindi kimebaki dakika tano, mwalimu anaitupa nusu nusu, nayo inakaririwa hivyo hivyo hadi chumba cha mtihani. Sasa fanyeni hesabu. Mchemraba wa upande wa nanomita 10 una nyuso sita za 100 kila mmoja, jumla 600. Ujazo wake ni 1,000, kwa hiyo uwiano wa uso kwa ujazo ni 0.6. Mchemraba wa nanomita 1 una uso wa 6 na ujazo wa 1, uwiano 6. Tazameni vizuri: yule mdogo ana uso mdogo mara 100! Kilichopanda ni uwiano, tena mara kumi tu. Mtoto anayeandika "eneo kubwa" anapingwa na hesabu yake mwenyewe mistari miwili juu.

Dawa yake ni kuukata ule mchemraba mkubwa mbele ya darasa. Unatoa vipande 1,000 vya nanomita 1, kila kimoja uso wa 6, jumla 6,000. Ujazo haujabadilika hata chembe, uso umeongezeka mara kumi. Asiyeshika, mletee sukari guru: bonge moja kwenye kikombe hiki cha chai, jingine la uzito ule ule lililopondwa kwenye kile. Lililopondwa linayeyuka kwanza. Maneno ya kudai katika kila jibu ni "kwa ujazo ule ule". Bila hayo, mwanafunzi hawezi kueleza kwa nini kichocheo (kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali) cha nanochembe hutosha kwa kiasi kidogo. (Wapo pia wanaogawanya ujazo kwa uso, halafu wanashangaa uwiano unashuka.)

3. Vizio kwanza, kugawanya baadaye. Maikromita 1 ni nanomita 1,000. Swali linataka chembe ya vumbi ya maikromita 2.5 ni mara ngapi ya nanochembe ya nanomita 5. Ukigawanya 2.5 kwa 5 hivyo hivyo unapata 0.5, yaani vumbi limekuwa dogo kuliko nanochembe, na mtoto anapiga mstari chini ya jibu kwa furaha. Geuza kwanza, 2,500 kwa 5, na jibu ni 500. Na "mara ngapi" ni kugawanya, si kutoa. Wakiulizwa mara ngapi kwa ujazo, hiyo 500 inapandishwa kipeo cha tatu: 125,000,000.

4. Kalkuleta. Kitufe cha EXP kwenye Casio tayari kinabeba "mara kumi kwa kipeo cha". Anayebonyeza 2.5 × 10 EXP −6 amezidisha kwa kumi ya bure. Kwa hesabu ile ile ya vumbi, sasa katika mita, abonyeze 2.5 EXP −6 ÷ 5 EXP −9, basi, itoke 500. Kwa hiyo ukikuta kipimo kimezidi mara kumi kamili, usimfokee mtoto kwamba hajui kemia. Mwambie abonyeze tena, polepole, huku unamtazama vidole.