Gari ya Mzee Imegoma: Fundi Anajibu Maswali Yenu

Wiki hii mmeniuliza sana juu ya magari ya zamani, na karibu nyote mnaanza vile vile, "fundi nimebadilisha hiki na kile na bado". Sasa leo nitakuwa mkali kidogo. Niko gereji hapa Nakuru, mkono mmoja una grisi, kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika vumilieni tu.

SWALI (Lanet): Fundi habari. Nina Peugeot 504 ya petroli, aliniachia marehemu baba. Asubuhi inawaka mara moja, lakini nikishuka Kisumu, nikifika Awasi ama Ahero inakohoa inazima. Nikingoja nusu saa inawaka kama hakuna kitu ilifanya. Nishanunua plagi mpya na betri mpya.

Pole mkubwa, lakini betri haikuwa na makosa hapo, hiyo pesa imeenda. Gari inayozima ikipata moto na kuwaka ikipoa ina washukiwa wawili, ama koili inayotengeneza umeme wa plagi (na kondensa yake, kile kikopo kidogo cha umeme) inachoka ikichemka, ama petroli inageuka mvuke kwa paipu kabla ifike kabureta, pale inapochanganywa na hewa. Na njia yako inaeleza mengi, maana huku Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, unapanda mpaka Mau Summit injini ikivuta kwa nguvu, halafu unateremka mpaka ule uwanda wa Kano, na jua la Ahero saa nane mchana unalijua.

Ipime hapo hapo imezima, usingoje ipoe, ikipoa ushahidi umeenda. Chomoa waya ya katikati ya distributa (ile inayogawia plagi umeme), ishike na mpira mkavu, uiweke kama milimita 5 kutoka kwa chuma ya injini, mwenzako apige stata. Cheche ikiwa ya bluu na inapiga "ta!", moto wa plagi uko. Ikiwa manjano nyembamba ama hakuna, shika koili na kondensa. (Ukisikia harufu ya petroli imemwagika usijaribu hiyo kitu kabisa.) Moto ukiwa sawa, rudisha waya, toa filta ya hewa, chungulia kabureta huku ukivuta aksileta na mkono, inafaa uone petroli ikiruka kama mshale mwembamba. Hakuna? Funika pampu ya petroli na kitambaa kimelowa maji, ngoja dakika tano, ikiwaka umempata mwizi, dawa ni kusogeza paipu mbali na egzosti. Na kabla ya hayo yote fungua kifuniko cha tangi, ikivuta hewa "fyuuu", tundu la kifuniko limeziba, na hiyo unatengeneza na sindano.

Nisijifanye malaika, kitambo nilifungua kabureta ya mteja mara tatu, tatu!, kumbe shida ni kondensa ndogo kama kidole cha mtoto. Alinilipa lakini vile aliniangalia sijasahau.

SWALI (Kisumu): Nimenunua Volkswagen kobe. Inachemka sana, nimetafuta pa kuweka maji sijaona. Radieta iko wapi?

Haiko, ndugu yangu. Hiyo injini inapozwa na hewa na oili, na oili yenyewe ni lita 2.5 tu, ikipungua nusu lita injini inajua. Pima oili, angalia belti, angalia kama vumbi na majani zimejaa kwa silinda. Ile taa nyekundu ya kuchaji ikiwaka ukiwa barabarani simama saa hiyo hiyo, kwa sababu belti inayozungusha jenereta ndiyo inazungusha feni. Watu wengi wamesema "aah ni taa tu" wakafika nyumbani na breki dauni. Lakini umenunua gari ya maana, ilishinda mbio za Safari Rally miaka ya hamsini.

SWALI (Kakamega): Shikamoo fundi. Datsun 1200 yangu, pikapu, inamisi nikipanda Riat na inatoa moshi mweusi. Fundi wa huku anasema ni ovahoo, yaani kufungua injini yote.

Marahaba mwalimu. (Umesaini "Mwl." nimeona.) Ovahoo kabla ya kupima ni kama kung'oa jino bila kufungua mdomo. Moshi mweusi ni petroli nyingi, wa bluu ndio oili. Kwanza angalia choki kama imekwama na filta ya hewa kama ni tope tupu, na uulize hiyo kabureta ilisetiwa wapi, kwa sababu ikisetiwa Mombasa ikija huku juu hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi.

Halafu injini ikinguruma polepole chomoa waya za plagi moja moja, na ushike na koleo yenye mpira usije ukarushwa. Ile ukitoa na mlio haubadiliki, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Toa plagi yake uisome, rangi ya chai ya maziwa ni afya, masizi makavu ni petroli nyingi, ikiwa imelowa oili hapo ndio uanze kuogopa. Peleka hiyo plagi silinda nyingine uone kama ugonjwa unaifuata. Pointi (ile swichi ndogo ndani ya distributa) ziwe na nafasi ya milimita 0.5 hivi, valvu 0.35 injini ikiwa moto, na waya za plagi zifuate zamu ya silinda 1-3-4-2, nimeona mbili zimebadilishana na mtu amelipia ringi mpya. Mwisho kabisa ndio upime kompresheni (nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda), ikiwa chini mwaga kijiko cha oili ndani upime tena, ikipanda ni ringi za pistoni, ikikaa pale pale ni valvu ama gasketi.

SWALI (Kericho): Petroli ya siku hizi haina risasi (ile ledi), itaua injini yangu ya zamani?

Risasi ilitoka hapa kwetu mwanzo wa 2006 na hizo gari bado zinatembea. Hedi (kile kipande cha juu cha injini chenye valvu) ya alumini ina viti vya valvu vya chuma kigumu, lala usingizi. Ya chuma tupu, pima nafasi za valvu mara kwa mara, zikiendelea kupungua ndio utafute wa kuweka viti vipya.

SWALI (Bondeni, Nakuru): 504 yangu inakula maji, oili imekuwa kama uji. Fundi anataka kutoa hedi kesho.

Hapo kweli gasketi ya hedi nashuku, ingawa uji kidogo tu chini ya kifuniko unaweza kuwa jasho la baridi. Injini ikiwa baridi fungua radieta, washa, ukiona mapovu hayaishi mwache atoe. Lakini muulize mbona ilichemka. Feni ya 504 nyingi inashikwa na sumaku ya umeme, waya ikikatika inazunguka bure. Na maji ya kisima achana nayo, yale yanapaka watoto meno kahawia yana madini na alumini haitaki, weka kulanti.

Kitu kingine, na hii mwambie kabla ashike spana: laina za hiyo injini (yale mabomba ya chuma pistoni zinatembea ndani yake) zinakaa ndani ya maji. Hedi ikitoka asizungushe injini bila kuzibana chini, zikiinuka kidogo tu sili ya chini inavuja na maji yanarudi kwa oili, na gasketi yako mpya itasingiziwa. Akikuuliza "laina gani?", mlipe nauli aende.