Nilikuwa konda wa kilo 67, nikawa dereva wa kilo 101: jibu langu kuhusu unene mjini

Habari zenu wakuu. Mleta mada ameuliza kwa nini siku hizi mijini kila nyumba ina mtu mnene kupita kiasi, na ameomba ushauri kwa ajili ya mkewe na kijana wao wa miaka 11 ambao uzito unawapanda. Nimesoma majibu yote. Mengi yanasema uvivu na ulafi, na mchangiaji mmoja ameandika kwamba wanene wachekwe ndipo watajirekebisha. Naomba nieleze yaliyonikuta, maana jibu hilo si la kweli na linaumiza watu.

Nipo kwenye daladala mwaka wa 20 sasa, ruti ya Mbagala–Kariakoo, Dar es Salaam. Miaka tisa ya mwanzo nilikuwa konda. Anayeijua kazi ya konda anajua hakuna kukaa: unaruka chini kila kituo, unaita abiria, unalikimbilia gari limeshaondoka, unaning'inia mlangoni kutwa nzima. Nilikuwa na kilo 67 kwa urefu wa sentimita 170. Kisha nikapata leseni, tajiri akaniamini, nikahamia kwenye usukani. Chakula sikubadili. Asubuhi chapati mbili na chai pale stendi, mchana wali au ugali kwa mama ntilie yuleyule, jioni soda ya baridi, usiku nikishapeleka hesabu napitia chipsi mayai. Nilikula hivyo nikiwa konda, nikala hivyohivyo nikiwa dereva. Baada ya miaka minane nilifika kilo 101.

Sasa niambieni, huo uvivu uliingia lini? Naamka saa tisa usiku, saa kumi na moja gari liko barabarani, kitandani naingia saa tano. Nikiwa dereva nilifanya kazi saa nyingi kuliko nilipokuwa konda. Kilichobadilika ni kiti.

Na kiti hicho kimetufikia wengi. Marehemu baba yangu kule Lindi alilima kwa jembe la mkono, alikula mlima wa ugali na hakuwahi kuwa na kitambi. Sisi wanawe tumeurithi mlima ule bila jembe lake. Bodaboda inakuchukua mlangoni hadi sokoni, maji yapo bombani, mahindi yanakobolewa mashineni. Hakuna anayetaka mama zetu warudi kwenye ndoo na mchi, wala mimi sitaki. Lakini ule mwendo ulikuwa unachoma chakula bila mtu kujua, na ulipoondoka sahani ilibaki na ukubwa uleule.

Nilichoshtukia kwanza wala si tumbo, ni usingizi. Siku moja mchana tuko kwenye foleni ya Mtoni, gari limejaa, nikasikia konda anapiga bodi kwa nguvu na kuniita, "Suka! Suka! Magari yameondoka!" Nilikuwa nimesinzia mguu uko kwenye breki. Watu zaidi ya 30 nyuma yangu. Nilitetemeka hadi mwisho wa tripu. Kumbe mke wangu alikuwa akilalamika kwa miaka kwamba nakoroma mpaka pumzi inakatika, halafu nashtuka kama mtu aliyezamishwa majini. Zahanati nesi akanieleza kwamba mafuta yanapojaa shingoni, njia ya hewa inajibana usingizini, mwili haupumziki, mchana unadai usingizi wake. Na mtu asiyelala vizuri njaa yake nayo inaongezeka. Unene unaleta usingizi mbovu, usingizi mbovu unaongeza unene. Presha ilisoma 160 kwa 100.

Nesi yule ndiye aliyenifundisha hesabu ya BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, ukipata jibu ligawanye tena kwa urefu uleule. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mimi nilikuwa karibu 35. Akanipima kiuno kwa utepe pia, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayoleta kisukari na presha kwa haraka zaidi kuliko ya mapajani. Kwa mwanamume ukivuka sentimita 102 uko pabaya, kwa mwanamke 88.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta njia ya mkato. Nilinunua majani fulani ya chai ya kukata tumbo kwa mtu aliyekuwa akiyatembeza stendi, nikashinda na chungwa moja, usiku nakunywa ile chai. Niliharisha wiki tatu. Nikapungua kilo sita, na ndani ya miezi minne nikarudisha nane. Mwili ukinyimwa ghafla unadhani njaa imeingia nchini: unapunguza matumizi, unaongeza njaa, unakula hadi misuli. Ukirudi kula kawaida, unaweka akiba haraka. Ndiyo sababu watu wengi wanapungua na kurudi palepale, halafu tunawaambia hawana nia.

Kilichonifungua macho ni dumu la mafuta ya kupikia. Mke wangu aliandika tarehe kwa kalamu ya wino pembeni ya dumu la lita tano siku tulipolifungua. Tuko watano nyumbani, watoto watatu. Liliisha siku ya 14. Tukakaa mezani na simu ya binti yetu tukapiga hesabu. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Kila mmoja wetu, hadi mdogo wa miaka sita, alikuwa akila karibu kalori 600 kwa siku za mafuta peke yake, robo ya mahitaji ya mtu mzima au zaidi, kabla hujahesabu wali wala nyama. Na chapati za stendi na chipsi zangu za usiku hazimo humo. Mke wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Baba Nasra, na mimi nilijua napika vizuri."

Anapika vizuri, na tulichogusa ni kipimo tu. Mafuta sasa yanamiminwa kwa kijiko cha kulia chakula, viwili kwa sufuria ya mboga, badala ya kuinamisha dumu. Samaki anachemshwa na ndimu na nyanya. Nazi inabaki siku mbili kwa wiki, kwa sababu sisi ni watu wa Pwani na sitaki kumdanganya mtu kwamba tumeiacha. Dumu lilelile sasa linakwenda wiki tano hadi sita.

Sukari nilikuwa nala bila kuiona. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, na soda moja ya mililita 350 yenye kama gramu 37, yaani vijiko vya chai tisa. Jumla vijiko zaidi ya 20. Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu mzima asipite kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita. Soda niliacha siku moja. Chai ilinichukua miezi mitatu, nikipunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi unazoea.

Kutembea nimekuweka palepale kazini. Kariakoo tunasubiri zamu ya kupakia dakika 20 hadi 30, na zamani nilikuwa nalaza kiti nasinzia. Sasa namwachia konda gari natembea kwa kasi kuzunguka mtaa, mara tatu kwa siku. Gym sina muda nayo wala hela. Nala mchana nikashiba ili usiku chipsi zisiniite. Hapo nilikutana na jambo ambalo wataalamu hawalisemi. Nilipomwambia mama ntilie anipunguzie ugali nusu na aniongezee matembele mara mbili, aliniangalia kwa huruma akasema polepole ili wengine wasisikie: "Baba Nasra, leo hesabu haijatimia? Kula, utalipa kesho." Kwetu mboga za majani ni chakula cha aliyekosa. Nyama, chipsi na soda ndizo zinazoonyesha kwamba mtu kapata.

Na kukonda ndiyo balaa zaidi. Nilipofika kilo 90, mama yangu alipiga simu baada ya kuona picha: "Mwanangu, mbona umepukutika? Huko mjini mnakula kweli?" Shangazi yangu alimvuta mke wangu pembeni kwenye msiba akamuuliza kama tumepima. Mimi simlaumu. Mwaka 1996 alimzika mdogo wake aliyeisha akabaki mifupa, enzi ambazo mtu akikonda mtaa mzima unasema kakanyaga waya, yaani ana UKIMWI. Kizazi kile kilijifunza kwa machozi kwamba mwili mnene ni mwili mzima. Tukizungumzia unene bila kugusa hofu hiyo, tutapiga kelele bure. Nilikwenda kwa shangazi mwenyewe, nikamweleza kuhusu presha na ile siku ya Mtoni. Tangu hapo ananitetea.

Kuhusu mke wako, mleta mada: wanawake wameelemewa zaidi. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene, na ule wa 2015-16 ukakuta 28. Usimwambie akimbie tu. Mke wangu alijaribu kutembea jioni, njia haina sehemu ya waenda kwa miguu, bodaboda zinampitia kiunoni, vijana wanampigia miluzi. Kilichomsaidia ni kikundi cha jogging cha mtaani, Jumapili alfajiri, wanawake kwa wanaume, fulana moja. Mkeo akipata nafasi apimwe sukari na tezi la shingo pia, kwani kuna magonjwa na dawa zinazonenepesa, na wapo waliozaliwa na mwili unaoweka akiba kwa urahisi.

Kijana usimfungie chakula. Mtoto anakua, na vipimo vya BMI vya watu wazima havimhusu. Badilisha sufuria ya nyumba nzima ili asijione ametengwa. Wa kwangu nilikuwa nawapa shilingi 500 kila mmoja ya shule, ikiisha kwenye juisi za unga na krispi. Sasa wanabeba mihogo ya kuchemsha au ndizi. Halafu mtafutie mahali pa kucheza. Uwanja wangu wa chandimu pale Mbagala leo una fremu za maduka kila upande.

Hapo ndipo serikali inapoingia, na sikubaliani na wanaosema kila mtu abebe mzigo wake. Meksiko mwaka 2014 waliweka kodi ya peso moja kwa lita ya vinywaji vya sukari, na mwaka wa kwanza manunuzi yakashuka kwa karibu asilimia 6. Chile tangu 2016 chakula chenye sukari, chumvi au mafuta mengi kinabandikwa alama nyeusi mbele ya pakiti na hakiuzwi shuleni. Kigali hapo jirani wanafunga barabara kwa magari baadhi ya Jumapili watu wafanye mazoezi. Kwetu kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya mwezi ilizinduliwa Desemba 2016, na hivi vikundi vya jogging ni moto uliobaki. Tupewe njia za miguu na viwanja visivyouzwa.

Na ndugu uliyeandika tuchekwe: nilichekwa miaka minane na abiria. Kila nilipochekwa nilikula nimejificha ndani ya gari.

Leo nina kilo 86, baada ya miaka miwili na nusu. Bado ni mzito, BMI imeshuka chini kidogo ya 30. Presha iko 130 kwa 85, naendelea na dawa za presha, na sijasinzia tena barabarani.

Mleta mada, kabla ya kununua chochote, leo andika tarehe kwenye dumu lenu la mafuta. Likiisha njoo hapa utuambie limechukua siku ngapi na mko wangapi, tupige hesabu pamoja.