Miti 60 imeigandisha kompyuta yangu: ninunue kadi mpya?

SWALI: Mtaalamu, nina modeli ya nyumba ya ghorofa moja kwenye SketchUp, programu ya kuchora majengo kwa 3D. Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka nilipopanda miti 60 niliyoipakua mtandaoni. Sasa nikiizungusha tu, kompyuta inaganda. Nimeshauriwa ninunue kadi ya michoro yenye nguvu zaidi, na kuna mtu ananiuzia mkusanyiko wa miti "myepesi". Nashangaa, kwa sababu miti yote ni komponenti (nakala zilizofungamana na umbo moja) na faili si kubwa. Mmoja kati ya hiyo unawakilisha mti mkubwa ambao tayari uko kiwanjani. Nifanyeje?

JIBU: Kadi iache dukani. Komponenti hupunguza ukubwa wa faili, haipunguzi kazi ya kuchora. Programu inahifadhi mti mmoja na kukumbuka nakala zake zimesimama wapi, ndiyo maana faili lako ni jepesi. Lakini kila unapozungusha modeli, kila nakala inachorwa upya, jani kwa jani. Fungua takwimu za modeli ujionee. Mti wenye nyuso 200,000, yaani vipande bapa vinavyouunda, ukiupanda mara 60, umeibebesha kompyuta nyuso milioni 12. Nyumba yako nzima huenda haifikii mti mmoja.

Tiba yake ni ya nusu saa. Badilisha miti iwe ya picha bapa: uso mmoja, picha ya mti isiyo na mandharinyuma, na mpangilio wa kuigeukia kamera. Ukitaka majani kamili kwenye picha ya mwisho, tumia proksi, yaani umbo la kushika nafasi ya mti wenyewe. Enscape, programu ya kutengeneza picha za modeli, kwa mfano, huacha umbo jepesi ndani ya modeli na kuonyesha mti wenyewe kwenye dirisha lake. Miti yote iwe kwenye tagi yake (kundi unaloweza kulionyesha au kulificha kwa pamoja), uizime unapofanya kazi.

Mti wa picha bapa una hila mbili. Ukiutazama kutoka juu ni mstari tu, kwa hiyo ndani ya komponenti hiyohiyo chora duara chini, lenye upana wa matawi. Hila ya pili ni kivuli: SketchUp inaweza kukitoa kana kwamba picha imelikabili jua saa zote. Kinapendeza, ila si ushahidi. Nimemwona mtu akimwahidi mteja baraza yenye ubaridi saa tisa alasiri kwa kivuli cha karatasi.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitia mbio, ile ya mti ambao tayari uko kiwanjani. Umeuwekea mti wa mtandaoni! Hili naliona kila wiki, na linaniudhi kuliko kompyuta zote zinazoganda. Watu wanaufanya mti kuwa poda ya kupaka mchoro dakika ya mwisho. Mti ni kipimo, kama ukuta: una mahali pake, kimo, upana wa matawi, unene wa shina na usawa wa ardhi pale uliposimama. Mwongozo wa Uingereza, BS 5837 wa mwaka 2012, hukadiria eneo la mizizi la kulindwa kwa duara ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina, kikipimwa mita 1.5 kutoka ardhini. Shina la sentimita 40 linadai mita 4.8 kila upande.

Niliwahi kuletewa mchoro ambao mti wa unene huo ulikuwa duara dogo lililotolewa kwenye maktaba ya bloku, yaani alama zilizochorwa tayari, na msingi umepita mita 2 tu kutoka shinani. Kwenye karatasi, nafasi tele. Mafundi walipochimba wakakutana na mizizi minene kama mkono, wakaikata kwa shoka. Walifuata mchoro vizuri kabisa.

Wauza mikusanyiko hawakuambii haya. Wanakuuzia majani yanayong'aa. Mti ni wa aina gani, unafikia kimo gani na baada ya miaka mingapi, hakuna. Mnunuzi naye akiona haukai kwenye nafasi iliyobaki, anauminya. Kimo kinakuwa nusu, na kila jani nalo linakuwa nusu. Kisha mteja anaonyeshwa bustani ya miti ya miaka 20 kana kwamba ataikuta siku ya kukabidhiwa funguo, wakati siku hiyo atakuta miche inayomfika kiunoni. Wengine huusimamisha mti mbele ya kona iliyowashinda kusanifu. Nikiona mti mnene mno mbele ya jengo, huwa naomba uzimwe kwanza.

Huo wako wa kiwanjani ufute leo. Chukua futikamba, zungusha shina kwenye kimo cha mita 1.5, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Kisha pima matawi yanakofika pande zote nne, maana ni nadra yalingane, na uchore umbo hilo hata likiwa limeegemea upande mmoja. Duara la mizizi lichore kwa mstari wa vidoti. Likigusa msingi wa nyumba, nitumie mchoro kabla hujarudisha hata mmoja wa ile mingine.