Ruzuku za korona: kwa nini jirani alilipwa kuliko wewe

Msomaji anayefuga ng'ombe wa nyama kule Marekani ameona orodha ya malipo ya CFAP, mpango wa serikali ya Marekani wa ruzuku za korona kwa wakulima na wafugaji, ya kaunti yake. Jirani mwenye ng'ombe wachache kuliko wake amelipwa zaidi, na sasa anashuku upendeleo. Kabla hujamlaumu karani wa ofisi ya FSA, shirika la wizara ya kilimo lililopokea maombi, chukua kalenda. Hakuna aliyekuuliza umepata hasara gani. Uliulizwa ulikuwa na mnyama gani, tarehe gani.

CFAP ya kwanza ilipokea maombi kuanzia Mei 26 hadi Septemba 11, 2020. Ndama wa chini ya pauni 600 aliyeuzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alilipiwa dola 102. Ndama huyohuyo akilala zizini hadi Aprili 16, malipo yake yalishuka hadi dola 33. Piga hesabu: ndama 50 waliouzwa mnadani Aprili 14 wanaleta dola 5,100, ila ukiwa uliwapeleka wiki iliyofuata unapata 1,650. Ni siku chache tu, na huenda bei ya mnada ilikuwa ileile. Kwa maoni yangu hapa ndipo mpango ulipowaonea wafugaji wengi, na hakuna rufaa inayoweza kuisogeza tarehe.

CFAP 2 ilikuja na mtego mwingine. Ililipa dola 55 kwa kila ng'ombe wa nyama, kwa siku uliyoichagua mwenyewe kati ya Aprili 16 na Agosti 31, lakini ng'ombe wa kuzalishia hawakuhesabiwa. Mwenye ng'ombe 100, kati yao 60 wakiwa majike ya kuzalishia na madume yao, alilipiwa 40 tu, yaani dola 2,200. Jirani mwenye maksai 70 wa kunenepesha alipata 3,850. Basi fungua leja yako na utazame siku uliyoandika kwenye fomu ya maombi, AD-3117: je, ndiyo siku zizi lilipojaa zaidi? Huenda uliandika siku ambayo ndama walikuwa wameshauzwa.

Ukiona jina la kampuni limelipwa zaidi ya dola 250,000, usikimbilie kusema wizi. Hicho ndicho kilikuwa kikomo cha mtu mmoja. Kampuni yenye wanachama watatu, kila mmoja akiwa ametoa angalau saa 400 za kazi au usimamizi shambani, iliweza kufika 750,000.

Makaratasi yako usiyatupe. Maombi yalikubaliwa kwa tamko la mfugaji mwenyewe, kwa hiyo ukaguzi ukija utatakiwa kuonyesha stakabadhi za mnada zenye tarehe na uzito, leja ya zizi, na bili za daktari wa mifugo. Stakabadhi isiyo na uzito ina udhaifu wake, kwa sababu aliyevuka pauni 600 alikuwa na kiwango chake, dola 139.

Kuhusu kodi, watu huchanganya CFAP na mkopo wa PPP, ule wa serikali wa kusaidia biashara kulipa mishahara wakati wa korona. Mkopo wa PPP uliosamehewa hautozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. CFAP inatozwa: huingia kwenye Schedule F, fomu ya kodi ya mapato ya shamba, mstari wa malipo ya mipango ya kilimo, na kwa anayeweka hesabu kwa msingi wa fedha taslimu, ni mapato ya mwaka alioipokea, si mwaka aliouza ng'ombe.